Kumuaga Bi Shadia Lumoli, Fundi Aliyechomoa Waya

Tarehe 30 Juni 2025, Bi Shadia Mwinshehe Lumoli anatimiza miaka sitini ya kuzaliwa na ishirini na tisa ya kulitumikia shirika letu hapa Kigoma. Siku hiyo atakabidhi funguo za chumba cha mitambo, atasaini kila atakapoonyeshwa pa kusaini, na kuanzia Julai mosi hatakuwa tena na mamlaka ya kumkemea mtu kwa kuweka kikombe cha chai juu ya kompyuta. Nimeombwa kuandika habari zake kwa sababu vyumba vyetu vimepakana miaka yote hiyo: mimi nikipanga magari, yeye akipanga mawimbi. Ukuta kati yetu ni wa mbao nyembamba. Nimesikia mengi.

Bi Shadia ni mzaliwa wa Ujiji, binti wa Mzee Mwinshehe Lumoli, aliyekuwa akitengeneza redio, karabai, cherehani na, kwa maelezo ya binti yake, kila kilichoharibika mjini isipokuwa ndoa. Alisomea ufundi wa elektroniki Dar es Salaam, akarudi na cheti, miwani na tabia ya kuzungumza na mashine. Tulimwajiri mwaka 1996, wakati wakimbizi kutoka Burundi na ng'ambo ya ziwa wakiingia kwa makundi makubwa na kila kambi ikihitaji kuulizwa kila asubuhi ina watu wangapi na unga kiasi gani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa redio ya upepo. Aliziita kambi moja baada ya nyingine kwa sauti ambayo majirani waliipata bila kuwa na redio.

Si mtu mnyenyekevu na hajawahi kudai kuwa hivyo. Rauta yetu ya kwanza aliibatiza jina la Shangazi, kwa sababu ilipokea habari za kila mtu na kuzisambaza kabla hazijapoa. Mwaka 2001 alisimamisha kikao cha bajeti, akatambaa chini ya meza katikati ya miguu ya wakuu wa idara, akaibuka ameshika mkia wa panya aliyekaushwa na umeme. Alimweka mezani, juu ya makadirio ya robo ya tatu, akasema mtandao umepona na kikao kinaweza kuendelea. Hakikuendelea.

Lakini wasifu wa Bi Shadia usiotaja ile wiki ya mwaka 2006 ungekuwa wasifu wa mtu mwingine.

Wakati huo ofisi ya Kigoma na kituo chetu cha kambini, upande wa Kasulu, viliunganishwa kwa kompyuta mbili tu, moja huku na moja kule. Waya ulitoka nyuma ya kompyuta yetu, ukapanda darini hadi kwenye mnara, na kutoka hapo maneno yalirushwa hewani, kilima hadi kilima, hadi kambini. Programu ya ujumbe ilikuwa sahili. Ulichoandika kilikaa kushoto kwenye skrini. Kilichoingia kutoka nje kilikaa kulia. Haikuonyesha jina la mwandishi, maana waandishi walikuwa wawili tu na kila mmoja alijua yeye ni nani.

Huku aliandika Mkuu wa ofisi, Bwana Pastory Ntibalema, Muha wa Kasulu, mtu wa haki, mpenda heshima, aliyechapa kwa kidole kimoja. Kule aliandika Gélase Bigirimana, mkimbizi aliyekuwa mwalimu kwao Burundi, sasa msimamizi wa ghala letu. Gélase alikuwa mpole kiasi kwamba akikutana na mbuzi njiani, yeye ndiye aliyepisha.

Jumatatu ya wiki hiyo mvua ilikata barabara ya Kasulu. Magari ya mahindi na maharage yaliyotakiwa kufika kambini Alhamisi yasingeweza kufika kabla ya Jumamosi. Ilibidi watu waambiwe mapema, kwa sababu akina mama wa zoni za mbali walikuwa wakianza safari gizani na watoto mgongoni ili wawahi foleni. Bi Shadia hakuwepo; tangu Ijumaa alikuwa Ujiji kwenye harusi ya mpwa wake. Redio ya upepo ilikuwa imefunguliwa juu ya meza yake, skrubu zake zikiwa kwenye kisosi. Simu za mkononi kule kambini zilishika mtandao juu ya kichuguu kimoja tu, na hakuna mtu anayeshinda juu ya kichuguu akingoja kupigiwa. Kwa hiyo Mkuu akakaa kwenye kompyuta na kuandika: "Gélase, habari za asubuhi. Magari yatachelewa hadi Jumamosi. Waambie watu wasije Alhamisi. Umenielewa?"

Jibu lilitokea papo hapo upande wa kulia: "Gélase, habari za asubuhi. Magari yatachelewa hadi Jumamosi. Waambie watu wasije Alhamisi. Umenielewa?"

Mkuu aliisoma, akaisoma tena, kisha akaniita.

"Veneranda, huyu ananiuliza mimi kama nimemwelewa."

Nikamwambia labda Gélase ananakili ujumbe ili ahakikishe ameupata vizuri, kama walimu wanavyofanya. Mkuu akaridhika kidogo. Akaandika: "Vizuri. Jibu ndiyo au hapana." Akajibiwa: "Vizuri. Jibu ndiyo au hapana."

Kuanzia hapo mambo yaliteremka kama gari lisilo na breki. Mkuu aliandika kwamba hana muda wa mchezo, na kule nako wakasema hawana muda wa mchezo. Aliandika, kwa herufi kubwa, "KUMBUKA KWAMBA MIMI NI MKUU WAKO." Skrini ikamjibu kwa herufi kubwa vilevile kwamba akumbuke kuwa yeye ni mkuu wake. Meshack, dereva wetu, aliyekuwa amekuja kuchukua funguo, akaziacha akavuta kiti.

"Mkuu," alisema Meshack, "watu wapole wakichoka huwa hivi. Mwombe radhi, atatulia."

Pastory alikunja uso, lakini magari yalikuwa muhimu kuliko uso. Akaandika: "Naomba radhi kama nimekukosea."

"Naomba radhi kama nimekukosea," likaja jibu.

Mkuu akapumua. "Afadhali. Adabu bado anayo." Akaandika kwa ukarimu: "Nimekusamehe."

"Nimekusamehe."

Sijawahi kumwona mtu akisimama kwa kasi ile. "Amenisamehe mimi? Kwa kosa lipi?"

Jumanne alibadili mbinu, akaandika kwa Kiha, akiamini Mrundi angejibu kwa Kirundi na hapo angemkamata. Jibu lilikuja kwa Kiha. "Tena Kiha cha kijijini kwetu kabisa," alituambia, na sasa alikuwa na wasiwasi wa kweli. "Huyu mtu amejifunzia wapi?" Ilipofika alasiri akawa amekata shauri. Aliandika barua ya kumwachisha Gélase kazi kwa utovu wa nidhamu na kuzuia taarifa za chakula, akaniletea niipeleke na gari la kwanza barabara ikifunguka.

Hapo kicheko kiliniisha. Niliwahi kufika kwa Gélase. Nilimjua mkewe, Caritas, na nilijua ile posho ndogo ya ghalani ndiyo iliyokuwa sabuni yao, daftari za watoto na mafuta ya taa. Mkimbizi akifukuzwa kazi hana mahali pa kwenda kuomba nyingine. Nilimwambia Mkuu barua nimeipokea, ila nikamsihi amsubiri Shadia arudi aangalie mitambo. Akasema mitambo ni mizima, mbona majibu yanakuja upesi hivyo. Sote tulikuwa tumeshangaa jinsi Gélase alivyokuwa mwepesi wa kuchapa siku hizo.

Jumatano asubuhi Bi Shadia akaingia, hina mikononi, kapu la visheti begani. Tulimsimulia wote kwa pamoja. Alitafuna kisheti kimoja mpaka kikaisha.

"Anajibu upesi?" aliuliza.

"Kabla sijatoa kidole," alisema Mkuu.

Bi Shadia akavua miwani. "Mkuu, Gélase kila herufi anaitafuta kama sindano kwenye majani. Huyo anayekujibu si yeye."

Akaanza kupima. Nyuma ya kompyuta kuna kadi ya mtandao, na kwenye kadi kuna chipu ndogo kuliko ukucha, ambayo kazi yake ni kugeuza maneno ya kompyuta yawe umeme wa kwenye waya, na umeme wa kwenye waya uwe maneno. Kuipima, fundi anaifanya ijisikilize. Anachomeka tunduni kizibo, yaani kichwa cha waya ambacho nyaya zake zimepindwa zirudi zilikotoka, halafu chipu inajitumia salamu yenyewe. Salamu ikirudi nzima, mdomo na sikio ni vizima na ubaya uko mbele. Mafundi wanaiita lupu.

Alichomoa waya wa mnarani, akachomeka kizibo, akatuma. Salamu ikarudi nzima. "Kadi nzima," akasema. Akachomoa kizibo na, kwa mazoea tu, akatuma tena tundu likiwa tupu. Salamu ikarudi nzima. Akainama zaidi, akachungulia tunduni.

"Kadi nzima mno," alisema.

Akasimama, ameshika kichwa cha waya wa mnarani mkononi ili sote tukione, akamgeukia Mkuu. "Mwandikie Gélase."

"Nimwandikie nini?"

"Chochote. Msabahi."

Mkuu akaandika: "Gélase, hujambo?" Upande wa kulia, bila kusita: "Gélase, hujambo?" Taa ya kijani ya kadi ilikuwa inawaka kwa ukaidi, na hakuna kilichounganishwa nayo duniani. Mkuu aliitazama skrini. Akautazama waya mkononi mwa Shadia. Akaitazama tena skrini.

"Sasa huyu," aliuliza kwa sauti ya chini, "anapitia wapi?"

Meshack alisogea hadi mlangoni. Melania, mpishi wetu, aliyekuwa ameleta chai, alifanya ishara ya msalaba na birika likiwa mkononi, na mimi ndiye niliyeungua.

Bi Shadia akaketi. Alieleza kwamba chipu ina swichi nyingine isiyoonekana, ndani kabisa, inayowashwa kwa amri. Ikiwashwa, kila neno linageuzwa kabla halijagusa waya na kurudi kwa aliyelisema. Ni lupu ya ndani, nzuri sana kwa kupimia, mradi umalizapo uizime.

"Nani aliiwasha?" Mkuu aliuliza.

"Mimi," alisema Bi Shadia.

Ijumaa ile laini ilikuwa inakatikakatika, naye akaanza kuipima kwa lupu ya ndani. Ili asiandike amri upya kila anapozima na kuwasha, aliiingiza kwenye amri ambazo kompyuta huzitekeleza yenyewe ikiamka. Kisha shangazi za bwana harusi wakapiga honi nje, yeye akachukua kanga yake akaondoka, na kutoka hapo kompyuta yetu haikuzungumza na mtu ila na nafsi yake.

"Ningeweza kusema ni radi," alisema, "na mngeniamini, maana hakuna hapa anayejua tofauti. Lakini nasikia kuna barua ina jina la Gélase. Mkuu, kosa ni langu. Ifute hiyo, uandike yangu."

Nadhani Pastory alikuwa anapitia upya kichwani mazungumzo yote ya tangu Jumatatu. "Kwa hiyo," alisema hatimaye, "mtu niliyekuwa nagombana naye…"

"Ni wewe, Mkuu. Mlitoka sare."

Akanyoosha mkono. Nikampa barua. Aliikunja, akaikunja tena, mpaka ikawa haikunjiki, akaitia mfukoni.

Bi Shadia alizima lupu ya ndani, akarudisha waya wa mnarani. Mkuu akaandika. Safari hii hakujibiwa na yeyote. Kimya. Ule ubovu wa Ijumaa ulikuwa bado upo, na kesho yake ilikuwa Alhamisi.

Sasa alipima kwa haraka, midomo ikimcheza. Kizibo kwenye kadi: salamu ikarudi. Kizibo kikatoka: salamu ikapotea, na akaguna kwa furaha, kwamba sasa hii ni kadi inayosema kweli. Akapanda darini na kizibo chake, akakifunga mwisho wa waya, akatupigia kelele tutume. Haikurudi. Basi ubovu ulikuwa kati ya kadi na dari. Aliufuata waya kwa mkono kama mtu anayefuata mshipa, ukutani, dirishani, hadi uani, mahali unapokatiza hewani kuelekea ngazi ya darini. Hapo ulikuwa umebeba mablanketi mawili ya nyumba ya wageni, yamelowa chepechepe, pamoja na kitenge cha Melania. Waya ulikuwa umenyooka kiasi kwamba kichwa chake cha juu, kilichoonekana kizima kwa nje, ndani kilikuwa kimeshikiliwa na unyuzi mmoja.

"Melania," alisema Bi Shadia, "huu ni waya wa mtandao."

"Mimi niliona kamba," alisema Melania. "Haikuwa na nguo, nikajua haina kazi."

Kukata na kuweka kichwa kipya hakukuchukua muda. Taa ya kijani ikazima, ikawaka, ikaanza kupepesa. Kabla Mkuu hajagusa herufi, maneno yakaanza kuingia upande wa kulia, na hayakuwa ya kwetu:

"Shikamoo Mkuu. Tangu Jumatatu ninaandika sijibiwi. Kama kuna mahali nimekosa ninaomba unionye."

Mkuu alikaa akiutazama ule ujumbe. Kisha, kwa kidole kile kimoja, akaandika kwamba hakuna alipokosa, na kwamba magari yatafika Jumamosi. Tukangoja. Tulingoja sana, na kila mmoja alifurahia kungoja, maana hivyo ndivyo Gélase alivyochapa. "Nimeelewa Mkuu. Leo hii nitazunguka zoni zote. Hakuna mama atakayetembea bure." Meshack alipiga makofi. Melania akaenda kuanua mablanketi.

Jumamosi barabara ilipofunguka, Pastory hakutuma mtu. Alipanda gari la mbele, nami nikiwa naye, tukafika kambini tumepakwa matope hadi kwenye nyusi. Alimkuta Gélase mlangoni mwa ghala, akavua kofia na kumwomba radhi.

"Ntaco bitwaye, Mkuu," alisema Gélase kwa Kirundi chake, yaani hakuna neno. "Lakini ulisema nini? Mimi sikusikia."

Ikabidi asimuliwe. Mkuu alisimulia yote, bila kujipendelea, kuanzia "umenielewa" hadi kile Kiha cha kijijini kwao. Alipofika kwenye "amenisamehe mimi?", Gélase aliketi juu ya gunia la mahindi, akacheka mpaka akashika mbavu, na wapakuzi wakashusha magunia yao waje kusikiliza. Kicheko kilipotulia, akauliza taratibu:

"Na hiyo barua, Mkuu, ungeileta?"

"Ningeileta," alisema Pastory.

Gélase aliitikia kwa kichwa. Alitazama foleni, watu waliofika siku iliyo sahihi, kisha akasema Caritas ameweka maharage jikoni na hatutaondoka bila kula. Tukala. Mkuu alijaziwa sahani mara ya pili na akaimaliza.

Bi Shadia alipewa barua ya onyo, kama alivyoomba. Aliitia kwenye fremu, akaitundika juu ya mitambo, na imekaa hapo hadi leo. Wakaguzi kutoka makao makuu huisoma kwa heshima wakidhani ni cheti. Mwezi uleule aliifanya programu ya ujumbe ionyeshe jina la mwandishi. Na kila fundi aliyemfundisha tangu hapo, hadi Audace anayemrithi sasa, amefundishwa kwamba kabla ya kutafuta mkosaji, kwanza ajipime mwenyewe, na kabla ya kwenda harusini, azime lupu.

Mwaka 2015 wakimbizi walipojaa tena mwambaoni, alikuwa na umri wa miaka hamsini, na bado ndiye aliyepelekwa kwa boti kutandika mtandao wa kuandikishia watu. Alisafiri amefumba macho, amekumbatia rauta, akisoma dua zote alizofundishwa madrasa na mbili ambazo nadhani alizitunga papo hapo. Alipofika alifanya kazi wiki nzima miguu ikiwa mchangani, na watu waliokuwa wamepotezana njiani wakaanza kuyaona majina ya wenzao kwenye skrini moja. Siku hizo hakubatiza mashine yoyote. Nilipofika huko na mizigo nilimwona mara moja ameketi nyuma ya hema, miwani mkononi. Kisha akainuka akaendelea.

Sasa anaondoka. Tulimuuliza anataka zawadi gani, tukitegemea atataja jokofu au seti ya sufuria. Bi Shadia, mtoto wa Ujiji, aliyezaliwa akisikia ziwa usiku na mchana, akatujibu kwamba hajui kuogelea, kwamba hajawahi kuingia majini kupita magoti, na kwamba sasa ana nafasi. Wafanyakazi wote kwa umoja wetu tumemnunulia jaketi la kuokolea, la rangi ya chungwa, saizi yake, lenye filimbi. Amelijaribu ofisini. Amekuja nalo kazini siku mbili mfululizo.

Bi Shadia, asante kwa kila sauti uliyoifikisha, na kwa ile asubuhi uliyosema "mimi" wakati hakuna aliyekushuku. Mungu akupe afya, usingizi mrefu na majirani wasioharibikiwa na redio. Tunakuombea siku njema za kustaafu, ziwa likiwa shwari, maji yasipite kifua, na kila utakaposhusha mguu, ukute mchanga.

Veneranda Ruhomvya
Idara ya Usafirishaji, kwa niaba ya wafanyakazi wote